Picha ya Ukutani kwa Asiye Nayo: Jinsi ya Kuendesha Kikundi cha Wapiga Picha wa Kujitolea

Katika nyumba nyingi za uswahilini, picha pekee ya bibi ni ile ya kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura. Siku akifariki, mjukuu anaikimbiza steshenari, inaskaniwa na kukuzwa hadi macho yanabaki madoa mawili, halafu inatiwa fremu na kuwekwa mbele ya jeneza. Kama si hiyo, itakatwa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani likionekana pembeni. Simu kila mtu anayo sasa, lakini picha za simu hufa na simu. Picha iliyopigwa kwa utulivu, ikasafishwa kwenye karatasi nzuri na kukabidhiwa mwenyewe, imebaki kuwa jambo la mwenye nacho.

Wapiga picha wa kujitolea wanaweza kuliziba pengo hilo, na wapo waliokwisha kuanza. Mwaka 2009, Jeremy Cowart, mpiga picha wa Nashville, Marekani, alianzisha Help-Portrait: mwezi Desemba wapiga picha watafute watu wasio na uwezo, wawapige, wasafishe picha na kuwapa bure. Kabla yake, mwaka 2005, huko Colorado kulianzishwa shirika la Now I Lay Me Down to Sleep, ambalo wapiga picha wake huenda hospitalini kuwapigia wazazi picha ya mtoto mchanga aliyefariki au anayekaribia kufariki. Makundi haya mawili yanatofautiana karibu kwa kila kitu, ila kwa hili wako pamoja: picha ni ya aliyepewa, si ya kupamba ukurasa wa mpiga picha. Mkilikubali hilo tangu kikao cha kwanza, hatua zinazofuata zitaeleweka zenyewe. Msipolikubali, afadhali mfungue studio mlipwe.

1. Anzeni na watu, kamera baadaye

"Wahitaji" ni neno pana mno. Chagueni kundi moja mnaloweza kulihudumia vizuri: wazee wa makazi ya serikali au ya kanisa, kina mama wenye watoto wenye mtindio wa ubongo, wagonjwa wa muda mrefu, watu wenye ualbino, au wazee wa mtaa mmoja tu wasio na ndugu karibu. Kikundi kipya kisianze na watoto wa makao. Sababu nitazieleza kwenye suala la ridhaa.

Usiende moja kwa moja na begi la kamera begani. Pitia kwa mtu anayeaminika pale: mjumbe wa shina, afisa ustawi wa jamii wa kata, muuguzi, katekista, imamu, mama wa kikoba. Nenda ukae, unywe chai, uulize wanataka picha ya namna gani. Majibu mara nyingi hayafanani na yale ya kwenye Instagram. Mpiga picha kijana anawaza uso umejaa fremu nzima, mikunjo inaonekana, rangi nyeusi na nyeupe. Bibi yeye anataka aonekane mzima, kuanzia kilemba hadi viatu, amesimama wima, na picha iwe ya rangi. "Nikikaa watasema nilikuwa mgonjwa," aliniambia mmoja huko Kigamboni, na hakutaka mjadala.

Ladha hiyo ina historia yake. Pwani yetu imezoea studio kwa muda mrefu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mandhari yaliyochorwa na mapambo tele. Mtu alikwenda studio akiwa amevaa nguo zake bora, akasimama namna anavyotaka kukumbukwa. Wazee wenu wengi walipiga picha zao za ujana hivyo. Picha ya huzuni, ya mtu aliyekaa kwenye mkeka akitazama chini, haitatundikwa na mtu yeyote nyumbani kwake.

2. Barua, usajili na mtendaji

Hii ni sehemu inayochosha lakini haikwepeki. Kwa Tanzania, kikundi kidogo cha kijamii husajiliwa kwenye halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Mkitaka kuwa shirika kamili mtakwenda kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002. Kenya kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kwa wadogo, na kwa mashirika ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Mkianza watu sita au saba, kikundi kinatosha. Shirika linadai taarifa za kila mwaka, ukaguzi wa hesabu na vikao, na nimeona vikundi vizuri vikifia kwenye makaratasi kabla havijapiga picha hata moja.

Kila eneo mnalokwenda liwe na barua iliyogongwa mhuri na mtendaji wa kata au mtaa. Makazi ya wazee ya serikali yanahitaji kibali cha wizara au cha mkoa, na hospitali ina utaratibu wake. Peleka barua mapema, ubaki na nakala, na siku yenyewe mtu mmoja wa kikundi aishike mkononi, maana mlinzi wa getini hajali umesajiliwa wapi.

Mambo mawili yatajitokeza, mjiandae. La kwanza ni kiongozi atakayeuliza "mmetuandalia nini?" Mpeni nafasi ya kupigwa picha kama wengine, mstarini, na maji ya kunywa. La pili ni mgombea anayetaka kuja na fulana na bango lake siku hiyo. Kataeni kwa adabu, hata kama ameahidi kulipia karatasi zote. Picha ya bibi yenye fulana ya chama nyuma yake si zawadi tena.

3. Kazi ni nyingi kuliko kupiga

Katika kituo kimoja cha kupigia, mpiga picha ni mmoja. Wengine wote wanafanya kazi nyingine, na hapo ndipo vikundi vingi vinapokwama, kwa sababu kila aliyejiunga anataka kushika kamera. Mnahitaji mpokeaji anayeandikisha, msusi na kinyozi, mtu wa nguo na kioo, mtu wa kompyuta, mtu wa printa, na mkabidhi. Huyo mkabidhi awe mcheshi na mvumilivu, mtu ambaye wazee wanapenda kuzungumza naye. Awepo angalau mwanamke mmoja anayejua kupiga picha vizuri. Wapo kina mama wasiovua nikabu mbele ya mwanaume, na wanastahili picha kama wengine: tengeni chumba au pazia, mpiga picha mwanamke aingie peke yake, na picha hiyo isipite kwenye skrini ambayo kila mtu anaitazama.

Suala la posho lisemwe wazi siku ya kikao. Kujitolea hakumaanishi mtu alale njaa. Nauli na chakula cha mchana vitoke kwenye mfuko wa kikundi, vilingane kwa wote, na zaidi ya hapo hakuna.

Hesabu ya muda: mtu mmoja huchukua dakika sita mpaka nane kwenye kiti, ukijumlisha salamu, kurekebisha nguo na kuchagua picha. Kwa saa nne, kituo kimoja kinaweza kuhudumia watu kama 30. Andikisheni 25, kwa sababu nafasi tano zilizobaki zitajazwa na ndugu watakaokuja nao. Anayewaahidi wenyeji kwamba mtapiga watu mia kwa siku hajawahi kumsubiri mzee wa miaka 80 afunge vifungo vya shati.

4. Vifaa: ulicho nacho kinatosha, isipokuwa printa

Kamera yoyote ya lenzi za kubadilisha inatosha. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye kihisi (sensa) kidogo, au 85 kwenye yenye kihisi kikubwa, inampa mtu sura yake halisi. Kwa picha nzima rudi nyuma, usibadilishe lenzi iwe pana. Ukitumia simu, usimsogelee mtu, pua itakuwa kubwa kuliko uso; rudi nyuma na tumia lenzi yake ya kuvuta karibu.

Taa si lazima. Studio nzuri kuliko zote ni baraza lenye paa, jua likiwa upande wa pili wa nyumba. Mweke mtu kama mita moja ndani ya kivuli akitazama nje kwenye uwazi. Kama mbele ya baraza kuna sakafu nyeupe au mchanga, mwanga laini utapanda kutoka chini na kujaza mashimo ya macho. Pasipo na mchanga, tandika shuka jeupe miguuni pake, nje ya fremu. Chunga turubai. Maturubai ya misiba na mikutano huwa ya bluu au kijani, na mtu aliyekaa chini yake anatoka na uso wa rangi hiyo hiyo. Kurekebisha kwenye kompyuta kunakula muda na hakutoki vizuri. Hata mti wenye majani mengi unapaka kijani. Kama hakuna pengine, piga kwanza fremu ya karatasi nyeupe pale pale atakapokaa mtu, uweke urari wa rangi (white balance) kwa hiyo.

Kwa ngozi nyeusi, pima mwanga usoni, usiiachie kamera ipime fremu nzima. Mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe huidanganya kamera, nayo inatia giza kila kitu, uso unapotea. Mandhari ya nyuma yawe ya rangi ya kati: kijivu, hudhurungi, bluu iliyotulia. Kitambaa cha mita tatu cha pazia zito kinatosha. Kitenge chenye maua makubwa kinavutia macho ya mpiga picha lakini kinapigana na nguo za mwenyewe. Kasi ya shata isishuke chini ya sehemu moja ya 125 ya sekunde, maana wazee hutetemeka mikono.

Beba pia kioo kikubwa, mafuta ya mgando, chanuo, pini, vibanio vya nguo, na mkoba wa nguo za akiba. Sisi tuna koti moja la bluu iliyokolea, kubwa kuliko wote wanaolivaa. Mzee akilivaa, mtu wa nguo anakwenda nyuma yake na kulibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, vinne au vitano, mpaka linamkaa kifuani kama lililoshonwa na fundi Mhindi wa mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Kwa mbele mtu amependeza, kwa nyuma anafanana na kamba ya dobi, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kucheka.

Printa ndiyo roho ya shughuli. Kwa kuanzia, nunueni ndogo zinazochapa kwa joto, kama Canon Selphy CP1500. Hutoa picha ya ukubwa wa posti kadi, karibu sentimita 10 kwa 15, kwa muda usiofika dakika moja, ikiwa kavu na imefunikwa na tabaka jembamba linaloikinga na unyevu na alama za vidole. Pakiti moja ya karatasi 108 huja na wino wake, ribini tatu za picha 36 kila moja, kwa hiyo mnajua gharama ya kila picha kabla ya kuondoka nyumbani. Printa za wino wa chupa ni nafuu zaidi kwa picha ya A4, lakini hapa pwani unyevu huzifuata, na tone moja la maji likidondokea picha isiyokauka, uso umekwenda. Printa yoyote ikae ndani ya chumba, mbali na vumbi. Chembe moja ikiingia kwenye ya joto inaacha kidoa cheupe, na vidoa hupenda kukaa kwenye paji la uso. Umeme msiutegemee: jenereta ndogo iwepo, na mtu anayejua kuiwasha.

5. Siku yenyewe

Fikeni saa mbili kabla. Wapeni wenyeji chai kabla ya kufungua mabegi.

Mpokeaji anamwandikia kila mtu kadi yenye namba. Mtu akikaa kwenye kiti, fremu ya kwanza anapigwa ameishika kadi hiyo kifuani. Hili ni jambo dogo, na bila yake shughuli yote inavurugika: bila namba, mtu wa kompyuta atakuwa na nyuso 30 na majina 30 bila kujua lipi ni la nani, na kina Mwanaidi watatu wataanza kugombea picha.

Salimia kwanza, kamera ikiwa chini. "Shikamoo bibi" haina haraka, na ukiisema huku jicho lako liko kwenye kioo cha kamera, atajua. Kisha uliza, usiamue: amekaa au amesimama, na kilemba au bila, fimbo ionekane au iwekwe pembeni. Mwenye kiti cha magurudumu, uliza kama anataka kionekane. Wapo wanaokipenda kwa sababu ndicho kilichowatoa ndani, na wapo wasiotaka kukiona. Ukimpiga, shuka chini, kamera iwe usawa wa macho yake. Aliyepata kiharusi huwa anajua upande wake mzuri, mwache akuelekeze.

Kwa watu wenye ualbino kuna mambo ya kujua kabla. Mwanga mkali unawaumiza, kwa hiyo usiwashe flashi, tumia kivuli cha baraza, na usimkalishe akitazama ukuta unaong'aa. Macho ya wengi wao huchezacheza yenyewe bila kukusudia. Piga fremu nyingi mfululizo ili upate ile ambayo yametulia. Na kama ameinamisha kichwa upande mmoja, usimnyooshe. Mara nyingi ndiyo namna anayoona vizuri zaidi. Picha zao, majina yao na mahali wanapoishi visitajwe hadharani kamwe, hata kwa nia njema. Kila anayeishi Tanzania anajua kwa nini.

Asiyeona naye apigwe picha. Nimewahi kusikia mtu akiuliza itamsaidia nini, na jibu ni lile lile kama la kila mtu: itakaa ukutani kwake, wanawe wataiona. Mweleze kila kitu kabla ya kukifanya. Ongea kutoka kamera ilipo, naye atageukia sauti. Mwambie nyuma yake kuna kitambaa cha rangi gani. Picha ikitoka, mshikishe, kisha mtu mmoja amsomee kilichomo, kuanzia kofia.

Wasiotabasamu waache. Kwa wazee wengi, picha ya heshima ni mdomo uliofungwa na mikono juu ya magoti. Ukimlazimisha mtu acheke, utapata meno bila macho.

Baada ya fremu sita au saba, muonyeshe kwenye kamera, achague mwenyewe moja. Usimchagulie.

Kadi za kumbukumbu ziwe mbili kwa kila mpiga picha, zikipokezana: moja inapiga, nyingine iko kwa mtu wa kompyuta ndani ya bahasha iliyoandikwa namba za watu waliomo. Hakuna kufuta kadi siku hiyo, hata kama imehamishwa.

6. Kompyuta, na mjadala wa weupe

Marekebisho yawe machache: mwanga, rangi, kukata pembe. Chunusi ya jana ifute. Kovu, uliza. Kuna watakaoomba wafanywe weupe kama programu za simu zinavyofanya, na hapa kikundi lazima kiwe na msimamo mmoja kabla ya kutoka nyumbani. Sisi huongeza mwanga usoni mpaka sura inaonekana vizuri, basi. Rangi ya ngozi haibadilishwi. Tukieleza kwamba watoto wake watataka kumtambua, wengi hukubali. Asiyekubali hagombezwi, lakini hapati picha ya mtu mwingine.

Kuna huduma nyingine ndogo ambayo haikuwa kwenye mpango wowote lakini imekuwa ikipendwa kuliko zote: kupiga upya picha za zamani. Watu hutoa kwenye pochi picha iliyopasuka ya mume aliyefariki au ya mama yao, imeliwa na mende pembeni. Iwekeni juu ya meza bapa karibu na dirisha, kamera ikiitazama wima kutoka juu, bila flashi ili isirudishe mng'ao. Safisheni mipasuko, chapeni nakala mbili. Picha ya asili irudi kwenye mkono ule ule, papo hapo, isipelekwe nyumbani kwa mtu "kwa kazi zaidi".

Kuchapa kufanyike siku hiyo hiyo. Hapa sina upole wowote. Watu wa makazi ya wazee, wa wodini, wa mitaa ya pembezoni wamepigwa picha sana: na watafiti, wafadhili, waandishi, wageni wa Jumapili. Wote walisema "tutawaletea". Kikundi kinachosema hivyo kinaingia kwenye orodha ile ile. Posti kadi moja inayotoka kwenye mashine mbele ya macho yake ina thamani kuliko picha kubwa ya fremu iliyoahidiwa. Mkitaka kuongeza ile kubwa, iongezeni baadaye kama ziada.

Kabla ya kukabidhi, andikeni nyuma ya picha jina, mahali na tarehe, kwa kalamu ya wino usiofutika na kwa mkono mwepesi. Studio za zamani zilikuwa zikigonga mhuri nyuma, na wazee wanaukumbuka. Mama mmoja alipokea yake, badala ya kujitazama akaigeuza kwanza. "Mbona hamjaandika mwaka? Wajukuu watajuaje?"

Fremu si kwa kila mtu. Mwenye nyumba na ukuta mpeni fremu, lakini picha isigusane na kioo. Kwa unyevu wa pwani hung'ang'ania na haitoki tena bila kuchanika, hivyo weka ukingo wa kadibodi katikati. Anayelala barazani au anayehamahama, fremu ni mzigo. Mpe picha ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, pamoja na nakala ndogo ya saizi ya pasipoti ya kuweka kwenye pochi.

7. Ridhaa ni mbili, si moja

Kukubali kupigwa picha ni ridhaa moja. Kukubali picha hiyo ionyeshwe kwa wengine ni ridhaa nyingine kabisa, na isiombwe mpaka mtu amekwishapokea picha yake. Ukiomba kabla, atadhani ndiyo bei. Fomu iwe ya Kiswahili, fupi, isomwe kwa sauti, na asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mwanakikundi. Anayekataa kuonyeshwa haulizwi sababu.

Sheria ipo upande wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na wanaokusanya taarifa za watu wanapaswa kujisajili kwa Tume yake. Kenya ina yake ya 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ndiyo maana nilisema msianze na watoto wa makao. Mlezi wa makao anaweza kuwaruhusu mpige, lakini wengine wamo humo kwa amri ya mahakama au wamekimbia ukeketaji au ndoa, na sura moja iliyoonekana Facebook inaweza kumwelekeza mtu waliyemkimbia. Mkija kuwahudumia baadaye, chapeni, mkabidhi, mfute kila kitu kabla ya kutoka getini.

Mkihitaji picha za kuwaonyesha wafadhili, pigeni mikono iliyoshika picha, pigeni printa, pigeni foleni kwa nyuma. Pigeni lile koti lenye vibanio.

8. Fedha

Gharama kubwa ni karatasi, fremu, nauli na chakula. Gawanya jumla kwa idadi ya watu mliowahudumia, mpate gharama ya mtu mmoja, na hiyo ndiyo iwe lugha yenu na wachangiaji: "changia watu kumi". Wapiga picha wa harusi wakikubaliana kutoa kiasi kidogo kila baada ya kazi, mfuko unaendelea bila kusubiri mfadhili. Pesa zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, au huduma ya vikundi kama M-Koba ambako kila mwanachama anaona kinachoingia na kutoka. Isikae kwenye simu ya mwenyekiti, hata kama ni mtu wa dini.

Michango ya vitu ni bora kuliko mnavyofikiri. Fundi seremala wa mtaani mwenye vipande vilivyobaki anaweza kuwapa fremu za mwaka mzima, kwa malipo ya picha moja ya familia yake.

9. Baada ya siku

Zitabaki picha za watu waliowahi kuondoka, waliopelekwa zahanati, waliosinzia. Zisiachwe kwenye meza ya ofisi. Mtu mmoja apewe jukumu kwa jina, arudi nazo ndani ya wiki mbili na daftari la kusaini. Kama mwenyewe amefariki katikati, picha ipelekwe kwa ndugu na mtu mzima wa kikundi, si kwa bodaboda.

Mafaili ya walioridhia kuhifadhiwa yatunzwe sehemu mbili: diski ya kikundi, na hifadhi ya mtandaoni yenye nywila. Yaitwe kwa mwaka, mahali na namba ya kadi. Majina yakae kwenye daftari peke yake, chini ya ufunguo. Wasioridhia, mafaili yao yafutwe baada ya siku 30, na mtu aandike kwamba yamefutwa.

Watu wawili, sio mmoja, wawe na funguo za hifadhi hiyo. Simu ya kuomba nakala kubwa ya msiba hupigwa usiku, na anayepiga anaitaka kabla ya saa nne asubuhi. Kubalianeni mapema na steshenari moja au studio moja inayofungua saa moja, iwe na ukubwa wa A3 na fremu nyeusi dukani, na kikundi kilipie.